Mtoto wa Mbwa Mkubwa: Chakula Chake na Meno Yake

Somo hili ni kwa ninyi mkaao Uvira, katika Songo, Mulongwe na Kalundu, na kwa ninyi mliotoka pwani ya ziwa mkaenda Misisi, Kamituga na vijiji vingine vya machimbo, mkajenga nyumba na kufungua duka. Wengi huko wamenunua mbwa wa kizungu alinde mbuzi, au duka, au mfuko wa mchanga wa dhahabu usiku. Labda wewe ni mmoja wao. Mwuzaji alikuonyesha mama yake, mbwa mkubwa mwenye masikio ya kusimama. Ukatoa franka nyingi, ukarudi na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu. Sasa yuko nyumbani. Anakula sana, anakua upesi, na anauma vidole vya watoto wako.

Yako mambo mawili ya kujifunza: namna ya kumlisha, na namna ya kumzoeza asiume wala kutafuna vitu vya watu. Watu hudhani la kwanza ni jepesi na la pili ni gumu. Sivyo. Kuuma kwa mtoto wa mbwa huisha kwa saburi ya miezi michache, lakini mguu uliopindika kwa sababu ya chakula kibaya ni taabu kuunyosha tena. Basi tuanze na chakula.

MBWA HUYU SI KAMA MBWA WA KIJIJI

Mbwa wetu wa kienyeji akikomaa mara nyingi hapiti kilo 20, naye hukomaa kabla ya kutimiza mwaka. Ukimtupia makombo ya bukari na maji ya samaki, ataishi, na atabweka. Mbwa dume wa aina ya Berger, yule wa Ujerumani, hufika kilo 30 hadi 40. Rottweiler hupita hapo, na boerboel wa Afrika Kusini hupita zaidi. Mifupa yao haimalizi kukua kabla ya mwaka mmoja, na wengine hungoja hata miezi 18. Huyu ni mtoto kwa muda mrefu, ingawa mwili wake ni mkubwa.

Kwamba mbwa wakubwa waweza kuishi na kufanya kazi katika Kivu, si neno la kubishana. Huko Rumangabo, katika Mbuga ya Virunga, mwaka 2011 walinzi walianza kazi na mbwa wa kunusa nyayo, wa aina ya bloodhound wenye masikio marefu, ambao hufuata harufu ya jangili porini. Kazi hiyo ni ya miguu kwanza. Mbwa mwenye nyonga mbovu hafai kuifanya, hata akiwa na pua ya ajabu.

Tuseme watu wawili wa Songo wamenunua ndugu wawili wa tumbo moja. Wa kwanza ana mali. Asema, «Mbwa wangu atakuwa mkubwa kama punda.» Ampa sahani kubwa ya bukari mara nne kwa siku, na mchuzi wa nyama, na maziwa, na juu yake unga wa mifupa, na vidonge vya kutia nguvu mifupa alivyonunua katika duka la dawa. Wa pili ampa chakula kizuri, lakini kwa kipimo. Mwezi wa tano, mbwa wa yule wa kwanza amenenepa, ngozi yang'aa, na wapitao njiani wamsifu. Mbwa wa yule wa pili ni mwembamba, na jirani humcheka mwenyewe kwamba ni bahili.

Ngoja mpaka mwezi wa nane. Mbwa mnene akilala, akiamka achechemea. Miguu yake ya mbele imegeukia nje kama miguu ya bata. Akipelekwa mlimani aketi njiani. Yule mwembamba apanda Mitumba na bwana wake na kushuka, na jioni bado acheza. Na mwisho wa mwaka wa pili, ukiwapima urefu, wako karibu sawa. Maana ukubwa wa mbwa umetoka kwa baba na mama yake. Chakula kingi hakiongezi ukubwa huo, huharakisha tu. Na haraka ndiyo iharibuyo.

Kwa nini? Karibu na ncha za kila mfupa mrefu wa mtoto pana sehemu laini, kama ile gegedu uikutayo mwisho wa mfupa wa kuku mchanga. Hapo ndipo mfupa hurefuka. Mtoto mnene huikandamiza sehemu hiyo kwa uzito wake kabla haijawa ngumu. Nyonga nayo hukaa vibaya katika tundu lake, ikalegea, na mbwa akizeeka huumwa kila siku.

Jambo hili limepimwa. Katika Marekani wataalamu walichukua Labrador 48, wakawagawa wawili wawili wa tumbo moja. Mmoja alipewa chakula chake, mwenzake akapewa chakula kile kile kilichopungua robo. Waliwaangalia maisha yao yote, na habari ikatolewa mwaka 2002. Waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi ya ndugu zao, na maumivu ya viungo yaliwapata baadaye na kwa uchache. Basi jirani akikucheka kwamba mbwa wako mwembamba, mwache acheke.

HABARI YA CHOKAA YA MIFUPA

Mifupa hujengwa kwa chokaa ambayo waganga huiita kalsiamu. Wengi wafikiri: mbwa mkubwa ana mifupa mikubwa, basi apewe kalsiamu nyingi. Hapa ndipo wenye mali huharibu mbwa wao kwa fedha zao wenyewe. Mbwa mzima akipata kalsiamu iliyozidi, tumbo lake hukataa ziada. Tumbo la mtoto mchanga halijui kukataa vizuri. Hupokea sehemu kubwa ya kile alichopewa, na mifupa huota vibaya, ikapinda. Vidonge vile vya duka, ukivitia juu ya chakula chenye mifupa tayari, ni sumu ya polepole.

Lakini kukosa chokaa ni kubaya vilevile. Mtoto wa mbwa alishwaye nyama tupu, bila mfupa wala kitu kingine, hupata mifupa laini, maana nyama haina chokaa ya kutosha. Anaweza kuvunjika mguu kwa kuruka kutoka barazani tu. Alishwaye bukari ya muhogo tupu ni hivyo hivyo, tena mwili wake haujengwi. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, protini, yaani kile chakula cha kujenga mwili, haifiki gramu 3. Katika gramu 100 za ndagala zilizokauka, hupita gramu 50.

Na hapo tumefika penye bahati yetu. Ndagala huliwa nzima, na mifupa yake midogo ndani. Nyama iko, na chokaa iko, kwa kiasi kinachokaribia kile hasa ambacho mtoto wa mbwa mkubwa hukihitaji. Mtu wa Bruxelles hununua chakula cha mbwa katika mfuko ulioandikwa maneno mengi. Mtu wa Kalundu aweza kukipata ufukoni, kikikauka juani.

NAMNA YA KUPIKA

Kwa mtoto wa mbwa mwenye kilo 10, ambaye kwa aina hizi huwa na umri wa karibu miezi mitatu, chakula cha siku moja ni hiki: ndagala zilizokauka gramu 100, unga wa mahindi gramu 150, mafuta ya mawese kijiko kimoja cha kulia chakula, na konzi ya majani yaliyopikwa, sombe au lengalenga. Kipimo hiki ni cha kuanzia tu. Mbwa mmoja hutaka zaidi, mwingine pungufu, na tutasema hapa chini namna ya kujua.

Usikisie gramu kwa macho. Chukua kopo lako sokoni, umwombe mwuzaji akupimie ndagala gramu 100 ndani yake, ukatie alama ya msumari pale zilipofika. Ufanye vivyo hivyo kwa unga. (Mizani ya mnunuzi wa dhahabu haifai kwa kazi hii, ni ndogo mno, na yeye mwenyewe hatapenda.)

Ndagala zioshe kwanza. Zile zilizoanikwa chini hubeba mchanga, na mchanga mwingi tumboni huziba. Zikiwa za chumvi, ziloweke usiku mmoja na kumwaga maji. Kisha zitwange, zichemshe, ndipo utie unga na kukoroga mpaka uive kabisa; unga mbichi humharisha. Majani na mafuta yatiwe mwisho. Ukitumia ndagala mbichi zilizotoka ziwani asubuhi, lazima zipikwe pia, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kitu kiharibucho vitamini B1, na moto hukimaliza. Nazo ziwe nyingi kuliko zile kavu, mara tatu au nne kwa uzito, maana zimejaa maji. Usitie chumvi, wala vitunguu, wala pilipili.

Kila mvuvi ajua kwamba wakati wa mbalamwezi ndagala huadimika, maana taa za mitumbwi hazivuti samaki mbele ya mwezi. Na huko juu machimboni gunia hufika kwa lori, na bei yake ni kama bei ya dawa. Siku hizo mpe maharagi yaliyopikwa mpaka yakapondeka, na nyama kidogo au yai lililoiva. Lakini kwa kuwa chakula hicho hakina mifupa, uongeze unga wa maganda ya mayai: yachemshe maganda, yakaushe, yasage mpaka yawe laini kama unga, utie kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtoto wa kilo 10. Siku ya ndagala usitie. Mara moja kwa juma kipande cha ini, kama kidole gumba, chafaa sana. Kila siku ni kingi mno.

Maziwa ya ng'ombe wa Ruzizi ni mazuri, lakini mtoto aliyekwisha kuacha kunyonya hawezi kuyavumilia mengi. Kikombe kizima humletea kuhara.

Kipimo cha siku kigawanywe. Mpaka miezi mitatu apewe mara nne. Toka hapo mpaka miezi sita mara tatu. Baadaye mara mbili, hata atakapokuwa mzima. Mbwa mkubwa alaye mara moja tu kwa siku, chakula kingi, kisha akakimbia, tumbo lake laweza kuvimba na kujipinda, naye hufa kwa saa chache. Aache kucheza saa moja baada ya kula. Sahani ikae chini dakika kumi na tano, kisha uiondoe, hata kama hakumaliza. Maji safi yawe karibu naye mchana na usiku.

Sasa, utajuaje kwamba kipimo ni sawa? Kila Jumapili weka mikono miwili juu ya mbavu zake. Ukizisikia mara moja kama unavyosikia mifupa ya mgongo wa kiganja chako, ni vema. Ukitafuta mbavu ndani ya mafuta, punguza unga. Ukiziona kwa mbali, pamoja na mifupa ya nyonga, ongeza, na kwanza mpe dawa ya minyoo. Na ukisimama juu yake, uone kiuno.

Minyoo ni neno fupi lakini lisisahauliwe: mtoto wa mbwa huzaliwa nayo au huinyonya kwa mama. Apewe dawa kila majuma mawili mpaka afike majuma 12, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Minyoo hiyo huingia pia katika watoto wa watu wachezao mchangani.

VITU VIMWUAVYO

Gunzi la mahindi. Watoto hula mahindi ya kuchoma, hutupa gunzi, mbwa hulimeza lote kwa sababu ya mafuta na harufu. Gunzi haliyeyuki. Hukaa ndani ya utumbo kama kizibo cha chupa, na mbwa hutapika siku tatu, akafa. Kokwa la embe ni hivyo hivyo. Tunaanza na gunzi kwa kuwa hakuna anayelihofu.

Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka kama mwanzi na kutoboa tumbo. Kichwa cha mukeke chafaa, lakini uchambue mifupa migumu baada ya kukichemsha. Vitunguu huharibu damu ya mbwa, hata vikiwa ndani ya mchuzi. Maganda ya muhogo mchungu, na muhogo ambao haukulowekwa, vina sumu ile ile iwadhuruyo watu.

Unga wenye ukungu. Wako wasemao, «Unga huu umeoza, tumpe mbwa.» Ukungu wa mahindi una sumu iitwayo aflatoksini, ambayo huua ini. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui huko Kenya na karibu nazo, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Mbwa hupatwa upesi. Unga usiofaa kwako haumfai na yeye.

Ninyi wa machimbo, sikilizeni neno hili zaidi. Karai lililotumika kuchanganya dhahabu na zebaki halifai kuwa sahani ya mbwa, hata likisuguliwa kwa mchanga. Kitambaa kile cha kukamulia zebaki kisiachwe chini. Mtoto wa mbwa hutafuna kila kitambaa akutanacho nacho. Huko Minamata katika Ujapani, paka waliokula samaki wenye zebaki walianza kuyumba na kuanguka kabla waganga hawajatambua ugonjwa huo kwa watu mwaka 1956. Na mahali pa kuchomea dhahabu pasiwe karibu na mbwa wala na watoto. Moshi ule hauna harufu ya kuonya.

Tena wako wasemao kwamba mbwa wa ulinzi apewe pilipili au bangi apate ukali. Pilipili humchoma tumbo. Bangi humlevya asijue mwizi wala mwenye nyumba. Hakuna chakula cha ukali.

KWA NINI ANAUMA

Mtoto wa mbwa ana meno 28, madogo na makali kama sindano. Yanapofika miezi mitatu na nusu au minne huanza kung'oka, na katika mwezi wa sita au wa saba amekwisha kupata meno yake makubwa, 42. Katika miezi hiyo ufizi humwasha na kumwuma, naye hutafuta kitu cha kutafuna. Damu kidogo juu ya kamba au kitambaa isikutishe. Wala si meno tu. Mbwa hana mikono; akitaka kujua kitu ni nini, hukitia kinywani. Akitaka kucheza na mwenzake, humshika kwa meno. Anapouma kidole cha mwanao hana hasira. Anamwita wacheze.

Tumboni mwa mama mmoja, ndugu hufundishana. Akiuma sana, mwenzake hulia na kuacha kucheza. Kwa hiyo usinunue mtoto wa mbwa wa majuma matano, hata akiwa wa bei ndogo. Angoje majuma nane. Aliyetolewa mapema hakupata somo la ndugu zake, na taabu yote itakuwa yako.

Wewe ufanye kama wale ndugu. Akiuma ngozi, usivute mkono kwa nguvu, maana kitu kikimbiacho hufukuzwa. Legeza mkono. Sema neno moja, «Basi», kwa sauti ya kawaida. Simama, kunja mikono, geuka, hesabu mpaka thelathini. Usimtazame. Kisha urudi kucheza, na umpe kitu chake cha kutafuna. Akiuma tena, fanya hivyo hivyo. Akiuma mara ya tatu, toka, au umtie mahali pake pa kulala akapumzike. Mara nyingi mtoto aumaye kupita kiasi amechoka tu: kwa umri huo hulala karibu saa 18 katika siku, na nyumba ya watoto wengi haimpi nafasi. Mtengee kona ya kivuli, na watoto waambiwe: akilala huko, haguswi.

Watu wote wa nyumbani wafanye jambo moja. Ikiwa baba humchezea kwa mikono jioni na kucheka akiumwa, na mama humpiga asubuhi kwa kosa lile lile, mbwa atajua nini? Hasa kikwembe cha mama. Ncha ya kikwembe hupepea mbele ya macho ya mbwa kama ndege, naye hurukia. Mama asikimbie wala kupiga kelele. Asimame kabisa mpaka achoke kuvuta, ndipo amwite upande na kumpa ndagala moja. Watoto nao wafundishwe kusimama kama mti, mikono kifuani. Mtoto chini ya miaka sita asiachwe peke yake na mbwa huyu, hata siku moja, hata kwa muda wa kuchota maji.

Je, kumpiga hakufai? Mtu husema, «Mimi nilimpiga kofi mdomoni, akaacha.» Aliacha mbele yako. Amejifunza kwamba mkono wa mtu ukija karibu, ni maumivu. Sasa ana kilo 12. Mwaka ujao atakuwa na 35, na mkono wa mtoto wa jirani utakuja karibu kumpapasa. Mbwa wengi waumao watu huuma kwa hofu. Kumfunga mnyororo mfupi mchana kutwa humletea hofu hiyo hiyo, ingawa mwenyewe hudhani ni ukali. Wala huna haja ya kumfundisha kuuma apate kulinda. Akikaribia mwaka mmoja, yeye mwenyewe atabweka akisikia nyayo za mgeni usiku, na sauti ya kifua cha mbwa mkubwa yatosha.

KUTAFUNA

Hutaweza kumkataza kutafuna. Waweza kuchagua atafune nini. Kitambaa kizito kilichosokotwa, kikafungwa fundo, kikaloweshwa na kuwekwa usiku ndani ya mtungi upate baridi, hutuliza ufizi. Kikianza kuchanika, kitupe. Mti wa kahawa ulio mzee, uliong'olewa shambani, ukikatwa kipande kinene kuliko kinywa chake na kuondolewa gome, ni mzuri sana, maana hauchaniki kuwa vijiti. Huko Ulaya vipande hivyo huuzwa dukani kwa mbwa, kwa bei ya kuchekesha mkulima wa Kivu. Mti wa mwanzi au wa mkaratusi usimpe.

Kiatu cha kale usimpe pia. Yeye hajui kiatu cha kale na kiatu cha kanisani.

Vingine vyote viinuliwe juu: kandambili, sabuni, nyavu, waya wa simu, betri ya taa. Nyumba yenye mtoto wa mbwa ni kama nyumba yenye mtoto atambaaye.

Akichukua kitu, usimkimbize. Ukimkimbiza umemfundisha mchezo mzuri kuliko yote, na kesho atachukua kofia. Chukua ndagala, ukae chini, useme «Toa». Akitoa, mpe. Baada ya siku nyingi atakuletea mwenyewe. Na anapokula, usimnyang'anye sahani ili kumwonyesha nani mkubwa. Pita karibu, udondoshe ndagala moja ndani, uende. Afurahi akikuona karibu na chakula chake.

NGOZI IKIPASUKA

Yote tuliyosema ni ya meno yachezayo. Lakini siku moja jino litatoboa ngozi, na hapo pana neno jingine, ambalo ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu upo katika nchi yetu. Duniani huua watu karibu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, waliopona ni wa kuhesabika kwa vidole. Kabla ya dalili, chanjo huokoa, tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister tarehe 6 Julai 1885.

Mbwa wako achanjwe akiwa na miezi mitatu, tena baada ya mwaka, kisha kama munganga wa nyama atakavyoagiza. Kadi itunzwe pamoja na vyeti vya watoto. Kabla ya chanjo hiyo asizurure na mbwa wasiojulikana, kwa kuwa mtoto wa mbwa naye aweza kuwa na kichaa.

Mtu akiumwa, akapata jeraha, osha jeraha papo hapo kwa maji yamiminikayo na sabuni, dakika 15 kwa saa. Ni ndefu kuliko unavyodhani. Mtoto atalia, uendelee. Usitie jiwe jeusi, wala mafuta ya taa, wala majani yaliyotwangwa, wala usifunge kwa nguvu. Mbwa asiuawe na kutupwa mtoni, maana mbwa aliyetupwa hatoi habari. Afungwe mahali salama, apewe chakula na maji, aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na kichaa siku alipouma. Lakini usingoje siku hizo nyumbani. Mpeleke mtoto hospitali siku ile ile, hata kama ni mkwaruzo mdogo uliotoa tone moja la damu, na kadi ya mbwa iwe mkononi. Munganga ndiye atakayesema kama sindano zianze sasa na ziachwe baadaye.